Kadi, Daftari na Rafu: Mwongozo wa Maktaba ya Kata Inayotaka Kutunza Mazingira

Maktaba nyingi zikiambiwa zifanye jambo la mazingira huanza na bango, fulana na mgeni rasmi. Juni 5 inafika, Siku ya Mazingira Duniani, miche inapandwa, picha zinapigwa. Ikifika Septemba miche mingi imekauka, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa nani anamwagilia upi.

Nipo Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, na kazi za maktaba ndizo ninazozijua. Ninachoamini ni kwamba maktaba haina haja ya kuiga kampeni za watu wengine. Ina kazi yake ambayo tayari ni ya kutunza mazingira: inaazimisha. Kitabu kimoja kinasomwa na watu mia badala ya kununuliwa mara mia, na wakati wote kinajulikana kiko kwa nani. Ukichukua kadi, daftari na rafu, ukavitumia kwa maji, mbegu, miche na vifaa, unapata mpango ambao maktaba ya vyumba viwili inaumudu. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa namna ambayo ningezifuata mwenyewe. Anayesoma akiwa Kenya au Uganda atabadilisha majina ya ofisi na misimu. Mengine yatabaki yalivyo.

Hatua ya 1: Lichunguzeni jengo lenu kwa wiki moja

Chukueni daftari, pigeni safu nne: umeme, maji, karatasi, taka. Anayefungua asubuhi anaandika uniti zilizobaki kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Anayefunga jioni anaandika tena. Ndoo ngapi za maji zimetumika, na zimetoka bombani, kisimani au kwa muuza madumu? Karatasi ngapi zimechapwa? Ndani ya pipa la taka kuna nini hasa?

Mara nyingi jambo la kwanza kuonekana ni taa zinazowaka mchana kutwa kwa sababu rafu zimeziba madirisha. Geuzeni rafu zisimame kwa ubavu, kichwa cha rafu kikiangalia dirisha, mwanga upite katikati. Hakikisheni tu jua la moja kwa moja haligongi migongo ya vitabu, maana linapausha karatasi na kukausha gundi. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja na haihitaji senti.

Hatua ya 2: Anzisheni daftari la mvua

Kama maktaba yenu itafanya jambo moja tu kati ya yote niliyoandika hapa, naomba liwe hili. Vituo vya hali ya hewa viko mbali, na mvua ya milimani si mvua ya bondeni. Kata moja inaweza kunyeshewa hadi njia zikakatika huku kata jirani wakianika mpunga. Hakuna atakayeandika mvua ya kata yenu isipokuwa ninyi.

Kipima mvua cha dukani ni kizuri, lakini cha chupa kinafanya kazi. Tafuteni chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo mwili wake umenyooka, isiyo na kiuno katikati. Kateni sehemu ya juu pale mwili unapoanza kunyooka, muitoe mfuniko, mkaigeuze kichwa chini na kuiingiza mdomoni mwa chupa ili iwe faneli. Chini ya chupa huwa na mabonde, kwa hiyo wekeni kokoto, mimineni maji mpaka yazifunike, kisha bandikeni rula ya plastiki kwa nje, sifuri ya rula ikae sawasawa na uso wa maji. Maji yakipanda juu ya sifuri milimita 12, mvua iliyonyesha ni milimita 12.

Kifungeni kwenye nguzo, kama mita moja kutoka ardhini, mahali pa wazi. Kama kuna mti wa mita 5, kipima kikae mita 10 au zaidi kutoka kwenye mti huo. Karibu zaidi majani yatakinga mvua. Someni kila siku saa 3:00 asubuhi, saa ileile inayotumiwa na vituo vya hali ya hewa. Mkishasoma, mwageni ziada na kuyarudisha maji kwenye sifuri. Wakati wa kiangazi ongezeni kidogo kila asubuhi, kwa kuwa jua huyakausha.

Siku isiyo na mvua andikeni 0. Nafasi tupu maana yake ni kwamba hamkusoma, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Watoto wa darasa la tano na la sita wanaiweza kazi hii vizuri, wakipokezana kwa wiki, mradi mtu mzima atie saini pembeni.

Baada ya msimu mmoja mtaona watu wanakuja kwa ajili ya daftari hilo. Wakulima wengi hupoteza mbegu kwa kupanda mvua ya kwanza ya vuli, kisha jua likawaka wiki mbili. Aliye na daftari la miaka mitatu mbele yake anaona mvua za namna hiyo zimekuja mara ngapi na zilikuwa na milimita ngapi, akaamua kwa macho yake, pamoja na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Ubandikeni utabiri wa msimu ukitoka, kando ya jumla ya mwezi ya kwenu.

Kurasa za nyuma za daftari ziwe za wazee. Waliokuwa watu wazima wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998 wapo. Waulizeni maji yalifika wapi, mto ulihama vipi, shamba la nani lilikwenda. Andikeni tarehe ya mahojiano na mahali. Hayo ndiyo atakayoyahitaji mtu anayetaka kujenga choo, darasa au daraja karibu na mto.

Hatua ya 3: Kingeni maji ya paa

Hesabu yake ni rahisi, na daftari la mvua linaifanya iwe ya kwenu kweli. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Pimeni urefu na upana wa eneo lililofunikwa na paa, kwa chini, bila kufuata mwinuko wa bati. Jengo la mita 12 kwa 8 lina mita za mraba 96. Mahali penye milimita 800 kwa mwaka, paa hilo hupokea lita 76,800. Toeni asilimia 20 inayopotea kwa kuruka, kuvuja na kukauka, mnabaki na lita 61,000 na ushee. Dar es Salaam kwa kawaida hupata zaidi ya milimita 1,000, Dodoma hupata pungufu sana, kwa hiyo msitumie namba yangu. Tumieni ya kwenu.

Tangi la lita 5,000 kwa paa hilo hujaa kwa milimita 65 hivi. Katika masika hizo ni mvua chache tu, kwa hiyo tatizo halitakuwa mvua bali mahali pa kuiweka. Anzeni na tangi moja, msisubiri fedha za matatu.

Mambo manne yasirukwe. Gata ziwe na mteremko kidogo kuelekea tangini, la sivyo maji yanatuama na mbu wanazaliana juu ya vichwa vyenu. Maji ya kwanza ya mvua, kama ndoo tano za lita 20 kwa paa la ukubwa huo, yasiingie tangini maana yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Fundi bomba anaweza kuweka bomba la pembeni lenye kizibo linalojaa kwanza. Mdomo wa tangi ufungwe kwa wavu laini. Na tangi lisiegemee ukuta ambao kwa ndani una rafu, kwa sababu unyevu utaingia, ukungu utafuata, na mchwa hawatakuwa mbali.

Maji haya ni ya kunawa, kudeki, choo na kitalu. Ya kunywa yachemshwe au yatibiwe. Kama paa ni la asbestosi, msiyatumie kunywa wala kupikia.

Hatua ya 4: Jazeni rafu kwa mambo ya hapa

Rafu ya mazingira katika maktaba nyingi imejaa vitabu vya misimu minne, theluji na dubu. Mtoto wa Matombo anamjua pengwini lakini hajawahi kusikia kwamba msitu wa Kimboza, mkoani kwake, ndiko anakoishi mjusi mdogo mwenye dume la rangi ya buluu iliyokolea, anayekaa kwenye miti jamii ya mkadi, na ambaye alikamatwa kwa maelfu kuuzwa nje afugwe majumbani mpaka biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku mwaka 2017. Mto Ruvu unaoanzia milimani kwetu ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Mambo kama hayo yanapaswa kuwa kwenye rafu ya maktaba ya kata kabla ya pengwini.

Vitabu vya mambo hayo mara nyingi havipo dukani, kwa hiyo vitengenezeni. Kitabu cha kwanza kiwe cha miti. Kila mti ukurasa mmoja: jina la Kiswahili, jina la lugha ya kwenu, jani lililokaushwa na kubandikwa, linatumika kwa nini, unaota wapi, unapukutika lini, na nani ametoa maelezo. Mvule, mkangazi, mninga na mpingo viwemo, lakini pia vichaka ambavyo ni bibi tu anavijua. Jani likaushwe katikati ya magazeti chini ya vitabu vizito wiki mbili, magazeti yakibadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu ili lisiote ukungu.

Kuhusu misaada ya vitabu, nina neno moja gumu. Maboksi yakija kutoka nje, fungueni na mchague. Ensaiklopidia iliyopitwa na wakati, miongozo ya programu za kompyuta ambazo hazipo tena na vitabu vya kodi za nchi nyingine vimesafirishwa kwa mafuta mengi kuja kuwa taka kwenu. Andikeni sera ya ukurasa mmoja inayosema mnapokea nini, mpeni mfadhili kabla hajafunga boksi. Wengi wao hufurahi kuambiwa.

Hatua ya 5: Wekeni rafu ya sheria, kisha mzisome kwa sauti

Hatua hii haigharimu zaidi ya uchapaji, na nguvu yake ni kubwa kuliko ya kampeni yoyote. Tafuteni nakala za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Ongezeni sheria ndogo za halmashauri yenu na, kama upo, mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Nyaraka hizi mbili za mwisho ni za wananchi, ila mara nyingi zimefungiwa kabatini. Mkutubi aziombe kwa barua, apige nakala, arudishe asili.

Kisha kila wiki, siku ya gulio au baada ya ibada, someni kifungu kimoja kwa dakika ishirini, na mtu aeleze kwa lugha ya kawaida. Anzeni na kifungu cha 57 cha sheria ya mazingira, kinachozuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa, bwawa au ufukwe wa bahari. Kila mtu ameshasikia habari ya mita 60. Wachache wameziona. Chukueni kamba ya manila, ipimeni mita 60, fungeni kitambaa chekundu kila baada ya mita 10, ipeni namba kama kitabu na iwe kifaa cha kuazimwa. Siku ya kwanza nendeni nayo mtoni, mmoja ashike ncha ukingoni, wengine watembee. Watu watashangaa inapoishia.

Hapo inahitajika busara. Kuna anayelisha watoto kwa bustani ya mchicha iliyo ndani ya kamba ile. Kazi ya maktaba si kuripoti mtu. Mkifanya hivyo mara moja tu, hakuna atakayerudi kusoma. Mwiteni afisa ugani na kamati ya mazingira ya kijiji wakae na wenye bustani, wazungumze nini kinaweza kupandwa, nini kihamishwe na kwa muda gani. Ninyi toeni chumba, viti na nakala ya sheria.

Msisahau Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Mradi mkubwa ukija, wananchi wana haki ya kutoa maoni, na ripoti yenyewe mara nyingi ni kurasa mamia. Maktaba ikiweka nakala mezani na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, imeifanya haki hiyo iwe na maana.

Hatua ya 6: Azimisheni vifaa

Jembe msinunue, kila nyumba inalo. Nunueni kile ambacho mtu anakihitaji mara mbili kwa mwaka: toroli, msumeno wa kupogolea, ngazi ndefu ya kusafishia gata, chekeche la udongo wa viriba (vifuko vya kuoteshea miche), mizani ya kuning'iniza, kamba ile ya mita 60. Kadi ni ileile ya kitabu. Muda uwe siku tatu, maana toroli likikaa wiki mbili kwa mtu mmoja linageuka lake. Kikivunjika, aliyeazima anakipeleka kwa fundi au anafanya kazi ya siku moja kwenye kitalu. Faini ya fedha huwafukuza walio maskini.

Kifaa kimoja nakipendekeza kwa moyo wote: sufuria ya presha ya umeme. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Lakini mama aliyezoea mkaa hawezi kununua chombo cha bei kwa kuambiwa tu kwamba umeme ni rahisi. Mwonyesheni. Zimeni kila kitu kwenye jengo, someni LUKU, pikeni kilo moja ya maharage, someni tena. Siku hiyohiyo pikeni kilo nyingine kwa mkaa uliopimwa kwenye mizani kabla na baada. Andikeni shilingi za pande zote mbili ubaoni, kwa bei ya mkaa ya mtaa wenu siku ile. Waliokuja waonje maharage yote mawili. Baada ya hapo sufuria iazimwe wiki moja moja, na kila anayeirudisha aandike kwenye daftari alipika nini na uniti ngapi zilitumika. Baada ya miezi michache daftari hilo litamshawishi jirani kuliko mtaalamu yeyote.

Jumamosi moja kwa mwezi iwe ya mafundi. Fundi redio, fundi baiskeli na fundi cherehani wakae barazani kwenu, watu walete vilivyoharibika. Bei wapatane wenyewe.

Hatua ya 7: Anzisheni kabati la mbegu

Utaratibu ni kwamba mkulima anaazima kikombe kimoja cha mbegu, akivuna anarudisha viwili. Anzeni na kunde, choroko, njugu mawe na mtama. Mazao haya kwa sehemu kubwa hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mbegu iliyorudishwa inafanana na iliyoazimwa. Mahindi huchanganyika na ya jirani kwa upepo, na mahindi chotara hayarudishi tabia zake mwaka wa pili, hivyo yaacheni mpaka mpate uzoefu.

Mbegu inayopokelewa ipimwe. Hesabuni punje 20 bila kuchagua nzuri, zifungeni kwenye kitambaa cha pamba kilicholowana, kiwekeni ndani ya bakuli lililofunikwa na msiache kikauke. Siku ya saba fungueni mhesabu zilizochipua. Zikiwa 16 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa chini ya 12, zirudishwe jikoni zikaliwe. Matokeo yaandikwe kwenye lebo pamoja na jina la mbegu, kijiji ilikotoka, mwezi wa kuvunwa na aliyeileta.

Ukavu ndio uhai wa mbegu. Ng'ata punje ya kunde: ikiacha alama ya jino bado ina maji, ikipasuka kwa mlio imekauka. Tieni kwenye chupa za kioo zenye vifuniko vinavyobana, mzijaze mpaka juu. Fukusi akibaki ndani bila hewa hufa. Kwenye mfuko uliofungwa kwa kamba atabungua zote kabla ya msimu. Bibi zetu waliochanganya mbegu na majivu na kuzitundika juu ya moshi wa jiko walijua wanachofanya, na majivu makavu yaliyochekechwa bado yanafaa. Chupa zikae mahali penye giza na ubaridi.

Biashara ya mbegu ina sheria zake, na hapa Tanzania msimamizi ni Taasisi ya Uthibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI. Msiuze mbegu, na kabla ya kuanza ongeeni na afisa ugani wa kata. Nchini Kenya jambo hili lilifika Mahakama Kuu, ambayo Novemba 2025 iliamua kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kubadilishana mbegu zao vinakiuka katiba. Nakala ya habari hiyo ina nafasi kwenye rafu ya sheria.

Hatua ya 8: Miche itolewe kwa kadi

Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement, shirika la kupanda miti nchini Kenya, mwaka 1977, kinamama walilipwa kiasi kidogo kwa mche uliokuwa hai. Uliopandwa ukafa haukuhesabiwa. Maktaba inaweza kushika kanuni hiyo bila kulipa chochote. Kila mche unaotoka kitaluni una namba na kadi: nani kauchukua, kaupanda wapi, tarehe gani. Kadi ina nafasi za mwezi wa 3, wa 6 na wa 12 baada ya kupandwa. Mwenye mche anapita kusema hali yake, kama anavyokuja kuongeza muda wa kitabu. Asipokuja, mmoja wa watoto wanaosoma kipima mvua anamfuata. Mche ukifa, andikeni sababu: mbuzi, jua, mchwa, ulikatwa. Baada ya mwaka mtajua mti gani unastahimili mtaa upi.

Kwa miche ya kupandwa Machi, mbegu ziingie kwenye viriba kuanzia Septemba, zile za polepole mapema zaidi. Mbegu za mwarobaini hazikai. Zipandeni ndani ya wiki mbili baada ya kuokotwa. Viriba mia mbili vinatumia kama ndoo mbili za maji kwa siku, ambazo tangi lenu linazimudu. Changanyeni matunda na miti ya kivuli na mbao, kwa sababu mwembe na mparachichi hulindwa na mwenyewe. Mkaratusi usitoke kitaluni kwenda kwa mtu wa kando ya chemchemi.

Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, una mbegu zenye ubora na ushauri. Na kama kuna vijana wanaotaka kukifanya kitalu kuwa kazi, wajiunge kikundi waombe mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Hatua ya 9: Taka, kwa tahadhari

Pokeeni tu kile ambacho mnajua nani atakichukua. Chupa za plastiki zina wanunuzi wa kilo, sawa. Betri za simu na kompyuta mbovu hazina mnunuzi mwaminifu kila mahali, na maktaba iliyojaa betri zinazovuja ni hatari kwa watoto. Betri za sola za asidi zirudi kwa aliyeziuza. Kubalianeni naye siku ya kununua.

Karatasi zisichomwe. Zilizoandikwa upande mmoja zishonwe kuwa madaftari ya rasimu. Zilizochanwa zinaingia kwenye mboji, tabaka la makavu juu ya tabaka la maganda na majani mabichi, ikinyunyiziwa maji na kugeuzwa kila wiki mbili. Miezi mitatu hivi inatosha.

Hatua ya 10: Umeme wa jua, baada ya mengine yote

Nimeuweka mwisho makusudi. Ndiyo hatua ambayo wafadhili huipenda kwanza, na ndiyo inayokufa haraka zaidi maktaba ikiwa haina mtu wa kuitunza. Hesabuni kwanza. Taa 6 za wati 9 kwa saa 3 za jioni ni wati-saa 162. Kompyuta mpakato 4 za wati 45 kwa saa 3 ni 540. Jumla 702, ongezeni upotevu, wekeni 1,000. Kwa jua la saa nne na nusu zenye nguvu kwa siku, paneli ya wati 250 inatosha. Betri ya asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo mtahitaji mbili, kila moja ya volti 12 na ampea-saa 100 (100Ah). Fundi akileta hesabu iliyo mbali sana na hii, mwombeni aieleze. Paneli zifutwe vumbi mara mbili kwa mwezi, na ngazi mnayo tayari.

Kwa wasomaji walio mbali, si lazima gari. Garissa, Kenya, maktaba ya taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia mwaka 1996. Kwetu, sanduku la vitabu 40 nyuma ya baiskeli linafika shuleni na kurudi.

Kupeleka hesabu halmashauri

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini mipango huanza kukusanywa miezi mingi kabla. Oktoba au Novemba andikeni barua ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza uwe wa namba zenu wenyewe: mvua ya kila mwezi, lita zilizokingwa, miche iliyotoka na iliyo hai, mara ngapi vifaa vimeazimwa, uniti za umeme kabla na baada ya kugeuza rafu. Ukurasa wa pili ombi moja tu, lenye bei kutoka maduka matatu. Ombi moja linajibika. Orodha ya kumi huwekwa kando. Kama mna namba za miaka miwili au zaidi, zitumieni pia kuomba tuzo ya maktaba ya kijani inayotolewa na IFLA, shirikisho la maktaba la kimataifa, tangu 2016.

Barua ipite kwa mtendaji wa kata, nakala apewe diwani, na nakala nyingine ipewe namba na kuwekwa rafuni, mahali ambapo msomaji yeyote anaweza kuiazima.